Gundi ya Muhogo

Karatasi moja, vibandiko kumi na viwili,
shilingi mia tano kwa Feni, njia ya kwenda Ediofe.
Nilivichora mwenyewe usiku kwa rula na penseli,
fremu yenye majani pembeni,
Feni akavihamishia kwenye kompyuta yake, akauliza,
"Herufi kubwa au ndogo, Mama Ayikoru?"
Kubwa. Nyumba yangu haisikii ukiiambia polepole.

Ungeijua nyumba yangu:
kopo la biskuti lina nyuzi na sindano,
kopo la maziwa lina misumari,
chupa ya asali ina mafuta ya taa
(mgeni mmoja alishaionja).
Cheti cha kuzaliwa cha mtoto tulikikuta ndani ya sufuria
wiki moja baada ya shule kufunga usajili.

Umeme ulikatika mstari wa mwisho ukiwa mdomoni mwa mashine.
Feni akangoja, nami nikangoja, nikivihesabu kichwani:
SIMSIM. KUNDE. CHAI. CHUMVI.
UNGA WA MUHOGO. MISUMARI. VYETI. DAWA.
MADENI, hilo ni daftari, si kopo.
FUNGUO ZISIZOJULIKANA.
Cha kumi na moja, ATAKAPORUDI.
Cha mwisho nilikiacha kitupu; nyumba haikosi jambo.

Selotepu ni ghali. Nikapika uji mzito wa muhogo,
nikaupaka kwa kidole.
Bibi yake Ayikoru alikuwa mlangoni akichambua kunde,
akanitazama kama mtu anayemvalisha mbuzi soksi.
"Chumvi naijua kwa ulimi tangu hujazaliwa.
Na mimi utanibandika?"
Sikumjibu. Nilikuwa nimeshalifikiria.

Kasha la ATAKAPORUDI nililiweka juu ya kabati:
wembe, barua ya benki,
shati la bluu nililolipiga pasi mara mbili,
redio isiyoshika stesheni mpaka yeye aizungushe.
Alioni aliondoka na lori la saruji kwenda Juba
mahindi yakiwa machanga.
Yamekauka. Yamepukuchuliwa. Yamesagwa, na unga tumeshaula.

Siku tatu nyumba ikawa darasa.
Ayikoru alisoma makopo kwa sauti, akienda na kurudi,
na bibi, asiyejua hata herufi moja,
akaanza kuagiza: "Nipe lile lenye nyoka wawili,"
nami nikampa SIMSIM.

Usiku wa nne tukasikia kukwaruza.

Panya hajui kusoma, lakini muhogo anaujua.
Kulipokucha, UNGA WA MUHOGO ulikuwa GA WA HO.
VYETI, hakuna hata alama.
Nyoka mmoja wa bibi kaliwa.
CHAI imeng'olewa herufi ya kwanza, imebaki HAI,
Ayikoru akafunua kopo kuona kama inapumua.
MADENI wameyatafuna mwanzo, limebaki DENI.
"Angalau wamekupunguzia," bibi akasema tulipomsomea,
tukacheka mpaka kunde zikashika chini.

Nikapanda kigoda nitazame juu ya kabati.
Walikuwa wameanzia kushoto,
A, TA, KA, PO,
kisha wameshiba, au paka wa jirani alipita.
Imebaki RUDI.

Nilikaa pale juu ya kigoda muda mrefu
kuliko unaohitajika kusoma herufi nne.
"Huko kuna nini?" bibi akaniuliza.
Vumbi, nikamwambia.

Jioni nilinunua selotepu, hivyo hivyo ghali.
Vingine Feni atanichapia upya, Jumamosi, umeme ukiwepo.
Hicho cha juu nimekizungushia kama kilivyo,
pande zote nne, panya asiongeze wala asipunguze.

Na kile kitupu Ayikoru amekijaza kwa kalamu yake ya shule,
PANYA,
akakibandika ukutani, juu kidogo ya tundu,
ili kila mmoja ajue pake.
Kwa gundi ileile.